Ngozi ya mwili iliyojikunja uzeeni: jibu kwa mama wa Mkomani

Swali: "Daktari, mimi ni mama wa miaka 69, ninaishi Mkomani, Lamu. Tangu nilipopungua mwili miaka michache iliyopita, ngozi ya mikono, tumbo na mapaja imejikunja na kulegea kama leso iliyokamuliwa ikaachwa bila kukung'utwa. Usiku inaniwasha, najikuna hadi natoka damu, na nikigusa ukuta kidogo tu damu inavilia. Mjukuu wangu aliniletea kutoka Mombasa kopo la krimu lisilo na karatasi. Nilipoipaka, mwasho ulikoma na ngozi ikang'aa, lakini huu ni mwezi wa tatu na naona ngozi imezidi kuwa nyembamba. Siku hizi hata kwenye kupamba bibi harusi siendi, kwa kuwa wenzangu wakishaingia ndani huvua mabuibui na mimi naionea haya mikono yangu. Je, kuna dawa ya kuirudisha ngozi yangu kama zamani? Na nitumie mafuta gani?"

Jibu: Shikamoo, mama. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yananionyesha kwamba una mambo matatu yaliyochanganyika: makunyanzi yenyewe, ambayo ni umri na kupungua mwili; ukavu unaoleta mwasho, ambao una tiba nzuri na ya bei nafuu; na wembamba wa ngozi, ambao naogopa kwamba krimu ya mjukuu wako imeuzidisha. Dawa ya kuirudisha ngozi ya mwili mzima ilivyokuwa ulipokuwa kijana haipo, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakuchukulia pesa zako bure. Hata hivyo, ngozi isiyowasha, isiyochanika na yenye ulaini inapatikana katika umri wowote, na nyumbani kwako Mkomani kuna karibu kila kitu kinachohitajika.

Nianze na kopo, kwa sababu hilo halingoji. Krimu inayokomesha mwasho kwa siku chache, ikaing'arisha ngozi, kisha ikaifanya nyembamba na rahisi kuvilia damu, ina mwenendo wa dawa za jamii ya steroidi kali, yaani dawa za namna ya homoni zinazotuliza mwasho na uvimbe, kama vile klobetasoli au betamethasoni. Dawa hizi si mbaya kwa asili yake. Sisi wenyewe huziandika kwa ugonjwa maalumu, mahali padogo, kwa muda mfupi. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, huzuia ngozi kujitengenezea nyuzi zake za ndani, na mishipa midogo ya damu ikakosa cha kuishikilia. Makopo yasiyo na karatasi huweza pia kuwa na hidrokwinoni, ambayo ni kemikali ya kuchubua rangi ya ngozi, au zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo, na ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliyaingiza mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki miongoni mwa bidhaa zinazopaswa kuondolewa sokoni.

Nakuomba usiitumie tena kama kipodozi, lakini pia usiiache hivi hivi bila kumwona daktari. Ukipaka steroidi kali sehemu kubwa ya mwili kwa muda wa miezi, kiasi chake huingia kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo, ambazo ndizo zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini, huzembea kazi yake. Dawa ikikatwa ghafla, mtu huweza kuishiwa nguvu, kupata kizunguzungu, kutapika au kushukiwa na shinikizo la damu. Kwa hiyo nenda Hospitali ya King Fahd hapo Lamu ndani ya siku hizi, ulichukue kopo lenyewe mkononi, umweleze daktari umeipaka wapi, mara ngapi kwa siku na kwa muda gani, naye akupangie namna ya kuiacha. Ikiwa hakuna daktari wa ngozi siku hiyo, daktari wa kawaida au tabibu anatosha kwa kuanzia. Baada ya kuacha, mwasho na wekundu huweza kurudi kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia, na hapo ndipo watu wengi hushindwa wakarejea koponi, wakidhani ni ugonjwa wao wa asili umerudi. Na mjukuu wako usimgombeze, kwani alikuletea kwa mapenzi. Mwambie tu asilipake yeye mwenyewe, hasa akiwa na mimba au akinyonyesha.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani ya ngozi, kwa sababu ukishakijua utaweza kutofautisha mwenyewe lipi la kushughulikia na lipi la kuliacha.

Chini ya tabaka la juu tunaloliona kuna tabaka nene lililojaa nyuzi za kolajeni, zinazoipa ngozi uimara, na za elastini, zinazoifanya irudi mahali pake inapovutwa. Tangu ujana mtu anapoteza kolajeni kidogo kidogo kila mwaka, na kwa mwanamke kuna kipindi ambapo upotevu huo huenda mbio, nacho ni miaka ya mwanzo baada ya kukoma hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi huondoka katika miaka 5 ya kwanza ya kipindi hicho. Chini zaidi kuna mafuta ya mwili, na ukipungua mwili katika umri mkubwa mafuta hayo huondoka, ngozi iliyokuwa imeyafunika ikabaki na upana wake uleule, na kwa kuwa elastini imechoka, haina njia ila kujikunja. Hicho ndicho kilichokupata tumboni na mapajani.

Lakini kuna uzee mwingine wa ngozi, ambao ni wa jua. Simama mchana kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, penye mwanga, ukunjue mkono. Tazama kwanza mgongo wa kiganja, kisha pandisha nguo utazame upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa. Ni mkono mmoja, wenye umri mmoja, lakini utaona kwamba upande wa ndani ngozi ni laini, rangi yake ni moja na mikunjo yake ni myembamba, wakati mgongo wa kiganja una madoa, ukavu na mistari iliyochimba. Tofauti hiyo yote, au karibu yote, ni kazi ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Mtazame pia nahodha mzee aliyemaliza miaka yake juu ya jahazi: kisogo chake kimekatwakatwa kwa mifereji inayopishana, ilhali kifua chake, ikiwa alivaa fulana, ni cha mtu mwingine kabisa. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na katika kipimo cha miale hiyo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, ambapo 11 na zaidi huhesabiwa kuwa ni kikali kupindukia, siku zetu za anga safi hufika huko saa za adhuhuri. Weusi wetu unatukinga, kwa sababu melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hunyonya sehemu ya miale, ndiyo maana makunyanzi ya jua kwa watu weusi huchelewa kwa miaka mingi ukilinganisha na weupe; lakini kuchelewa si kutofika.

Maana yake kwako ni hii: wewe umevaa buibui maisha yako yote, basi ngozi ya tumbo, mapaja na mikono ya juu haikuharibiwa na jua, na mafuta ya kukinga jua hayatakusaidia huko hata kidogo. Yanunue ukipenda, lakini yapake mgongo wa viganja, uso na shingo, sehemu zinazotoka nje. Na kwa kuwa mtu anayejifunika vizuri na kukaa sana ndani huweza kupungukiwa na vitamini D, muulize daktari akuangalie na hilo, kwa faida ya mifupa.

Nije kwenye ukavu, ambao ndio unaokunyima usingizi, na ndiyo sehemu ambayo juhudi yako itazaa matunda ya haraka. Ngozi ya uzeeni hutoa mafuta kidogo, na tabaka lake la juu, ambalo kwa kijana hujibadilisha katika wiki 4 hivi, sasa huchukua wiki 6 au zaidi. Maji yaliyomo ndani hutoroka kwa urahisi, ngozi ikapasuka mipasuko midogo isiyoonekana kwa macho, na neva za mwasho zikabaki wazi. Mwasho huzidi usiku kwa sababu mwili hupata joto kitandani na akili haina jambo jingine la kuishughulisha. Ukijikuna, mipasuko inaongezeka, na mwasho nao unaongezeka.

Kwetu Lamu kuna jambo la ziada, nalo ni maji. Visima vingi vina chumvi, na anayeoga maji hayo akaacha yakaukie mwilini hubaki na chunyu juu ya ngozi, ambayo huvuta unyevu na kuchochea mwasho. Ikiwa unayo maji matamu ya mvua au ya mfereji, weka ndoo moja ya kujimwagia mwisho, hata kama kuoga kwenyewe umeogea ya kisima. Oga mara moja kwa siku, kwa maji ya baridi au yaliyovunjwa ubaridi tu, na usikae msalani muda mrefu. Sabuni ya kipande ya kufulia iondoe kabisa katika kuoga, kwa sababu ni kali na huosha hata mafuta machache yaliyobaki. Tumia sabuni laini isiyo na harufu, na uipake kwapani, sehemu za siri kwa nje, penye mikunjo na miguuni. Mikono, tumbo, mgongo na mapaja yanatosheka na maji matupu. Dodoki na jiwe la kusugulia viache, ila jiwe kwa visigino.

Kisha linakuja jambo ambalo nikiambiwa nichague moja tu kati ya yote niliyoyaandika hapa, nitachagua hilo. Ukitoka kuoga, usijifute ukakauka. Jipigepige kwa taulo au leso laini mpaka maji yasichirizike, ngozi ikiwa bado na unyevu, na hapo hapo, ndani ya dakika 3 hivi, jipake mafuta mwili mzima. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Yanayafungia yale yaliyokuwapo. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, unafunga mlango wakati mgeni ameshatoka. Paka kwa kufuata malaika, yaani vinyweleo vya mwili, yanavyolala, kutoka juu kwenda chini, kwa kiganja kilichotulia na bila kusugua, kwa sababu ngozi nyembamba huchanika kwa msuguano. Rudia usiku kabla ya kulala, ukiwa umeilowesha ngozi kidogo kwa kitambaa chenye maji.

Umeuliza mafuta gani. Vaseline ya kawaida isiyo na manukato huzuia maji kutoroka kuliko losheni nyingi za bei kubwa, na kasoro yake ni kwamba inanata, jambo linaloudhi katika joto la kaskazi. Mafuta ya nazi yaliyo safi ni mazuri vilevile: uchunguzi mdogo uliofanywa Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2004 uliyalinganisha na mafuta ya madini kwa watu wenye ngozi kavu, na yote mawili yalisaidia bila madhara. Mimi kwa hali ya hewa yetu napendelea mafuta ya nazi mchana na Vaseline usiku. Glisirini pia ni nzuri kwa sababu huvuta maji na kuyashika, lakini usiipake tupu kutoka chupani. Ichanganye na maji, au nunua losheni iliyo nayo. Penye magamba, kama miundini na viwikoni, krimu yenye yurea ya asilimia 10 hulainisha vizuri, na kwa visigino vilivyopasuka ipo ya asilimia 20 na zaidi, ila usiipake mahali ulipojikuna pakachubuka, kwani itakuchoma.

Mafuta ya zeituni nayataja kwa uangalifu, kwa kuwa yana heshima yake kwetu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba yakipakwa kwenye ngozi hudhoofisha kizuizi chake cha juu, na hata kuleta wekundu kwa baadhi ya watu. Yale, mama, yana kheri nyingi chakulani, na mwilini upake ya nazi. Liwa na dalia, vipodozi vyetu vya kujisinga, havina ubaya mkubwa kwa ngozi ya msichana anayesingwa, lakini vikikauka juu ya ngozi ya uzeeni huivuta na kuizidishia ukavu, na singo yenye karafuu na chembechembe za kusugulia ndiyo usiikaribie mpaka ngozi itakapopona. Ndimu usijipake kamwe: maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya muda mrefu.

Jambo la kiasi husemwa mara chache. Mwili mzima wa mtu mzima huhitaji takriban gramu 30 za mafuta kwa kupaka mara moja, kwa hiyo kopo la gramu 250 likitumika mara moja kila siku litakwisha kwa siku nane hivi. Ikiwa kopo lako linakaa miezi, basi unajipaka harufu tu. Kwa sababu hii mimi humwambia kila mgonjwa achague mafuta ya bei anayoweza kuyanunua tena na tena, si yale anayoyahesabu kwa matone.

Kwa kuwa unatawadha mara kadhaa kwa siku, mikono, uso na miguu yako hulowa na kukauka mara nyingi kuliko sehemu nyingine, na kila kukauka huondoka na unyevu. Weka chupa ndogo ya mafuta ya nazi karibu na mahali unaposalia, na ukimaliza kusali ujipake. Ukisubiri mpaka baada ya sala, mafuta hayatakutia wasiwasi kuhusu maji ya udhu kufika kwenye ngozi.

Ukiyafanya haya kwa wiki 2 na mwasho usipungue, tusiulaumu umri peke yake. Upele wa kuambukiza, ule unaokaa katikati ya vidole, kwapani na kiunoni, huwasha sana usiku, na ikiwa kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna, basi wote mtibiwe siku moja na matandiko yafuliwe. Kisukari, ugonjwa wa figo, wa ini na wa tezi ya shingo vyote huweza kujitokeza kwanza kwa mwasho ambao hauna upele wowote wa kuonekana. Nawe ulipungua mwili, na hukusema kama ulikusudia. Mtu wa miaka 69 anayepungua bila kukusudia anahitaji kuchunguzwa sababu, iwe anawashwa au hawashwi, kwa hiyo siku hiyo hiyo utakayopeleka kopo hospitalini omba upimwe sukari, figo, ini na wingi wa damu, na uende na dawa zote unazomeza. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi, kama Piriton, watu hununua dukani kwa ajili ya mwasho wa usiku. Kwa wazee huleta kizunguzungu, kuchanganyikiwa na kuanguka, na mwasho wa ukavu haviuondoi. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwenye ngazi za nyumba zetu, hilo ni tatizo kubwa mno kuliko mwasho.

Kuhusu kuvilia damu na kuchanika, mwaka 2007 daktari Jean-Hilaire Saurat wa Geneva na mwenzake walipendekeza hali hii ya ngozi kukonda na kupoteza kazi yake ya ulinzi ihesabiwe kama udhaifu wa kiungo, kwa namna tunavyouhesabu udhaifu wa mifupa uzeeni, na nadhani walikuwa na haki, kwa sababu mtu akiichukulia kuwa ni suala la urembo tu hatajilinda. Mabaka ya zambarau yanayotokea mikononi bila maumivu yanatokana na mishipa iliyokosa kuungwa mkono, na huondoka yenyewe kwa wiki chache. Ukiwa unameza aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda yatazidi, lakini usiiache dawa hiyo kwa uamuzi wako. Mabaka yakitokea hata sehemu ambazo hukugusa kitu, kama tumboni, au ufizi ukitoka damu, hilo ni la daktari mara moja.

Vichochoro vyenu ni vyembamba, kuta za matumbawe zina makali, na punda mwenye shehena akipita huna budi kujibanza. Vaa mikono mirefu ya pamba laini ndani ya buibui, na kwa mkono unaoelekea ukutani unaweza kuvaa soksi ndefu ya pamba iliyokatwa vidole. Kata kucha zako fupi, na wanaokusaidia wakushike chini ya kiwiko kwa kiganja kizima, wasikuvute kwa vidole. Ngozi ikichanika ikainuka kama kipande cha karatasi, usikikate kipande hicho. Osha kwa maji safi, kirudishe taratibu mahali pake kwa kitambaa kilicholowa, weka shashi iliyopakwa Vaseline, funga kwa bendeji bila kukaza, na usibandike plasta yenye gundi juu ya ngozi, kwa sababu siku ya kuibandua itaondoka na nyingine. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa visikaribie jeraha, na uulize kama chanjo yako ya pepopunda ni ya karibuni. Na yale mafuta ya mara mbili kwa siku yana faida hapa pia: katika nyumba za kulelea wazee huko magharibi mwa Australia, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wazee waliopakwa mafuta yasiyo na manukato mara mbili kwa siku walichanika ngozi karibu nusu tu ya mara walizochanika wenzao.

Mikunjo ya chini ya matiti na ya tumbo iliyolegea inataka kinyume chake, yaani ukavu. Jasho likikaa humo, hasa miezi ya joto, fangasi huota. Osha, kausha kwa kupigapiga, weka kitambaa safi cha pamba katikati, na mafuta mazito yasifike huko. Pakiwa pekundu, panawasha na kunuka, dawa ya fangasi kama klotrimazoli inatosha kwa kawaida, na ikirudi rudi ni sababu nyingine ya kupima sukari.

Sasa lile uliloliuliza kwanza. Dawa yenye ushahidi mzuri zaidi dhidi ya makunyanzi ni tretinoini, ambayo ni jamii ya vitamini A. Ilikuwa ikitumiwa kwa chunusi, na mwaka 1986 Albert Kligman wa Philadelphia na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba inaweza kutengeneza upya sehemu ya ngozi iliyoharibiwa na jua. Lakini soma vizuri: iliyoharibiwa na jua. Usoni na kwenye mgongo wa viganja inaweza kukusaidia kiasi, baada ya miezi 4 hadi 6 ya kupaka usiku, kidogo sana, chini ya uangalizi wa daktari. Kwenye tumbo lililolegea kwa kupungua mwili haitafanya lolote la maana, na kwa ngozi yako ya sasa, iliyokwisha kudhoofishwa na krimu, itakuchubua, na kwenye ngozi yetu nyeusi penye kuchubuka hubaki doa. Subiri ngozi ipone, kisha tujadili. Upasuaji wa kukata ngozi iliyozidi upo katika miji mikubwa. Unaacha kovu refu, na kwa watu wetu kovu hilo mara nyingine huvimba likawa keloidi. Mimi humshauri mtu kuufikiria pale tu mkunjo unapomletea vidonda visivyokwisha au kumzuia kutembea.

Unga wa kolajeni wa kunywa, unaouzwa ghali sana, sikushauri uununue. Mwili huusaga kama unavyosaga protini nyingine, na nyingi ya tafiti zinazousifu zimegharamiwa na wanaouuza. Pesa hizo nunua samaki, mayai, maharagwe na kunde, kwa kuwa wazee wengi hula wali mwingi na kitoweo kidogo, na mwili usiopata protini ya kutosha hauwezi kutengeneza ngozi wala misuli. Misuli nayo ndiyo inayoweza kuijaza ngozi iliyolegea ya mikono, angalau kwa sehemu: keti kitini, shika chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, inua na kushusha polepole mara 10, pumzika, urudie, siku tatu kwa wiki. Maji ya kunywa unayahitaji kwa afya yako, lakini kuzidisha hakunyooshi mkunjo wowote.

Limebaki suala la kupamba, na nalichukulia kwa uzito uleule wa mwasho. Mwanamke wa Lamu anayekosa harusi hukosa habari, vicheko, chakula cha pamoja na kushikwa mkono na watu wanaomjua tangu utotoni, na mzee anayejitenga hudhoofika haraka kuliko ngozi yake. Sikwambii usione haya, kwa kuwa haya hazitoki kwa kuambiwa. Nakwambia uende ukiwa umejisitiri kwa namna inayokupa raha: dera la mikono mirefu ya kitambaa chepesi, au mtandio mzuri mabegani, hakuna atakayekushangaa. Jipake mafuta ya nazi saa moja kabla. Ngozi yenye unyevu huonekana imejaa zaidi, hilo utaliona kwa macho yako. Mjukuu wako aliyetaka kukusaidia mpe kazi iliyo salama: akupake mafuta mgongoni jioni, mahali usipofika mwenyewe, na wakati huo huo aangalie kama kuna kidonda kisichopona, au doa linalokua na kubadilika, pamoja na nyayo zako na kucha, kwa sababu saratani ya ngozi inayowapata watu weusi hupenda kujificha huko.

Ukitaka kupaka hina kwa ajili ya harusi, paka ile ya majani iliyosagwa, baada ya kuijaribu mahali padogo na kungoja siku 2. Piko usipake. Weusi wake hutokana na kemikali ya rangi ya nywele, ambayo hata ngozi ya msichana huweza kuibabua ikatoka malengelenge, na ngozi yako katika miezi hii ya kupona haina uwezo wa kuistahimili. Nipe habari baada ya wiki 6, ukinitajia majibu ya vipimo na jina la dawa iliyokutwa koponi, ikiwa imejulikana.